Barabara ya Ukumbini

Muuzaji aliniuliza kama spika ni za sinema au za mahubiri. Nikamjibu ni za barabara. Akanitazama, akamtazama mdogo wangu aliyesimama kando yangu na fimbo yake nyeupe, kisha akavua miwani akaanza kuifuta, nadhani ili apate nafasi ya kufikiri. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya upole, na duka lake lilikuwa limejaa masanduku hadi darini.

"Za barabara kivipi, dada yangu?"

Nikamweleza. Mimi ni mwalimu wa mwendo. Nafundisha watu waliopoteza macho ukubwani jinsi ya kutembea peke yao: kushika fimbo, kupanda ngazi, kuhesabu milango na, mwisho kabisa, kuvuka barabara. Hilo la mwisho huwezi kuanza kulifundishia barabarani, maana kule kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Kwa hiyo tuna ukumbi. Zamani ulikuwa ghala la saruji, hatua ishirini na nne kwa kumi na tano, sakafu ya zege na paa la bati. Sakafuni nimebandika utepe mnene ambao wayo unauhisi: huku ukingo, kule ukingo, katikati lami. Halafu tunacheza sauti za barabara ya kweli, zilizorekodiwa kwa vinasa sauti vinne vilivyowekwa pembe nne. Mwanafunzi anasimama ukingoni, anasikiliza, anaamua, anavuka. Akikosea anagongwa na sauti tu.

"Sasa spika tulizonazo ni mbili," nikasema, "zimechoka, na zote ziko mbele. Gari linatokea mbele, linapotelea mbele. Wanafunzi wangu nawafundisha kuvuka televisheni."

Mdogo wangu akacheka. Muuzaji naye akacheka baada ya kuona kuwa inaruhusiwa.

"Nataka sauti inizunguke. Itoke nyuma kushoto, inipite sikioni, iishie mbele kulia. Na nataka za kubebeka, kwa sababu Jumamosi ukumbi unakodishwa kwa mikutano, na mkutano ukiisha vitu vina tabia ya kuondoka na wajumbe."

Hapo sikumwambia kwamba nilikuwa na haraka, wala sababu ya haraka yenyewe, iliyokuwa imesimama pale kando yangu ikigusagusa kaunta kwa vidole.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa malori kwa miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Breki, kwa sababu hakuwahi kugonga hata kuku. Presha ya macho ilipoanza kumla jicho la kushoto alinyamaza, na ilipohamia la kulia akanyamaza tena. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na nguzo ya lango la yadi, mchana kweupe, wenzake wote wakitazama. Nguzo ilipinda, lori likabonyea, na udereva ukaishia hapo. Nisimcheke sana. Kuficha ni ugonjwa wa ukoo wetu.

Mwaka mzima alikaa nyumbani. Wifi yangu alimpakulia, akamchagulia shati, akamshika mkono hadi mlango wa choo. Alifanya kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalikuwa yanamzeesha mtu wa miaka arobaini na nne mbele ya macho yangu. Nikamtoa pale kwa ugomvi, nikamleta kituoni. Wifi hakunisemesha wiki mbili.

Yadi ile ya malori iko ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na kituo chetu. Msimamizi wake hakumsahau Breki. Alikuja mwenyewe kumwambia kwamba anataka mtu wa kusikiliza injini kabla magari hayajaondoka safari, na kwamba hajapata kuona anayesikia ugonjwa wa injini kama yeye. "Kazi ipo," alisema, "lakini humu ndani kuna malori arobaini yanageuka na kurudi nyuma kutwa nzima. Sitaki mtu wa kushikwa mkono. Nikikuona kwa macho yangu unavuka hii barabara peke yako, siku hiyo hiyo unaanza." Akampa mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi uliofuata. Baada ya hapo angemchukua mtu mwingine, na hakuficha hilo.

Ndiyo maana nilikuja naye dukani. Nilitaka masikio yake.

Muuzaji akaanza na ubao mmoja mrefu, mwembamba, wa kuwekwa chini ya televisheni. Akasema huo peke yake unatosha, unapiga sauti ukutani na kuta zinairudisha, mtu anadhani iko nyuma yake. Nikampa flashi yenye sauti zangu. Breki akasikiliza akiwa ameinua kidevu kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani akisubiri taa ziruhusu.

"Liko mbele," akasema. "Linajifanya liko nyuma, lakini liko mbele."

"Na kuta zangu ziko mbali," nikaongeza. "Mpaka sauti ifike na kurudi, mtu ameshavuka au ameshakufa."

Akatoa ya pili: spika nne nyeusi, besi moja ya kukaa sakafuni, na amplifaya. Hizi zilikuwa za waya. Akazipanga katika pembe nne za duka, akasogeza masanduku, akatutaka tusimame katikati. Lori likaja kutoka nyuma. Nilijua ni rekodi, niliirekodi mwenyewe, na bado nikajikuta nimeshika mkono wa mdogo wangu. Yeye hakutikisika.

"Tani kumi," akasema. "Halina mzigo. Dereva anawahi chakula." Halafu akageuza uso upande wangu. "Hizi, dada. Hizi zinasema kweli."

Nami nilisikia kwamba zinasema kweli. Lakini macho yangu yalikuwa chini, kwenye zile waya nne, nene kama kidole, zilizokatiza sakafu kutoka kila pembe. Mwenye macho angezifunika kwa utepe wa gundi akasahau. Mimi nafundisha watu wanaosoma sakafu kwa nyayo, na mwaka juzi mmoja wao alivunjika kifundo cha mkono kwa waya wa kuunganishia umeme uliokuwa umefunikwa vizuri kabisa.

"Hapana," nikasema. "Waya hapana."

"Zipitishe juu, kwenye kuta."

"Juu kwenye bati? Na kila Jumamosi nizishushe na kuzipandisha? Kwa ngazi ya nani?"

Akainua mabega. Muuzaji akaleta ya tatu. Hizi zilikuwa nne pia, za kijivu, kila moja na mpini juu kama ndoo, uzito wa mtoto wa mwaka mmoja. Zinatumia betri, zinakaa na chaji kwa saa nane, na zinapokea sauti kwa hewa kutoka kwenye kisanduku kidogo ambacho mtu anaweza kukitia mkobani. Unazibeba mbili kwa mkupuo mmoja. Unaziweka popote, unabonyeza, zinatafutana zenyewe. Sauti yake ilizunguka vizuri. Ilikuwa laini kidogo kuliko zile za waya, lakini ilizunguka.

"Unaonaje?" nikamuuliza Breki.

"Si mbaya."

"Si mbaya maana yake nini?"

"Maana yake wewe ndiye mwalimu."

Akatoka nje akisema anakwenda kusikiliza pikipiki ya mtu fulani ambayo kwa maoni yake haikuwa na siku nyingi za kuishi. Nikabaki na muuzaji anayenionyesha vitufe vya rimoti: hiki cha kuwasha, hiki cha kupima ukumbi, hiki cha besi. "Na hiki chenye mwezi," akasema, "ni cha wenye majirani. Ukikibonyeza, sauti kubwa inashuka, ndogo inapanda, zote zinakaa katikati. Bunduki ikilia kwenye sinema haimwamshi mtoto." Nikaitikia kwa kichwa bila kujali. Sisi hatukuwa na majirani wala mtoto wa kulala.

Wanafunzi wangu muhula ule walikuwa saba. Aliyekuwa wa kwanza kujaribu zile spika za kijivu nilizonunua alikuwa Mkunga, bibi wa miaka sitini na mitatu aliyezalisha nusu ya mtaa kabla sukari haijamwibia macho. Mama huyu hakuwa mtu wa kuogopa. Siku ya kwanza alipokuja kituoni aliniambia kwamba ameshika vichwa vya watu ambao sasa ni wabunge, kwa hiyo nisimpandishie sauti.

Nikamsimamisha ukingoni. Nikaweka spika mbili nyuma yake, mbili mbele, nikajitenga hatua tatu. Hiyo ndiyo sheria yetu ya kazi: mwalimu hukaa hatua tatu nyuma, mdomo umefungwa, mikono mgongoni. Akisema neno moja au akigusa, mwanafunzi hajavuka, amevushwa, na anarudi mwanzo. Sheria hiyo niliiandika mimi na kuibandika mlangoni, ingawa wasomaji hatukuwa wengi.

Lori likaja kutoka nyuma kushoto. Bati lote likatetemeka. Mkunga akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, mikono kichwani, miguu imenyooka mbele, akaanza kulia kwa sauti ya mtoto. Nilimfuta machozi kwa kanga yake mwenyewe, nikamrudisha kwenye benchi walipokuwa wenzake sita. Sikuweza kustahimili. Wanasema mwalimu wa kazi hii awe na moyo wa jiwe. Mimi nina ulimi wa jiwe tu, moyo ni wa kawaida.

Nikachukua rimoti nikabonyeza mwezi. Siku mbili tatu, nikajiambia, mpaka wazoee.

Siku ya tatu Mkunga alivuka. Siku ya tano walivuka wote saba, mmoja baada ya mwingine, vichwa juu, fimbo mbele, bila mtu kutokwa jasho. Breki alivuka kama mtu anayekwenda kununua gazeti. Mkurugenzi wa kituo aliwaleta wageni waje kuona, wageni wakapiga makofi, na mmoja wao akaniuliza siri yangu ni nini. Nikasema ni uvumilivu.

Mwezi uliendelea kuwaka kwenye kile kisanduku, taa ndogo ya buluu. Sikusahau. Ningekuwa nimesahau ningekuwa na la kujitetea. Niliuona kila asubuhi nikiwasha, na kila asubuhi nilisema kesho. Nilipenda kuwaona wakivuka bila kutetemeka, na kuliko wote nilipenda kumwona mdogo wangu. Alikuwa ameanza kunenepa. Alikuwa ameanza kunitania tena.

Aliyenishtua alikuwa Fundi Saa. Huyu alitengeneza saa za watu miaka thelathini, na alipopofuka masikio yake yalibaki na tabia ile ile ya kupima vitu vidogo. Jumatatu ya wiki ya mwisho alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Mwalimu, nina swali la kijinga."

"Uliza. Leo nimezoea."

"Magari ya humu ndani. Lililo mbali na lililo karibu yananisalimia kwa sauti moja. Najua lipi liko kushoto na lipi kulia. Sijui lipi linakuja kuniua."

Nikamwambia ni bati. Nikamwambia ukumbi mkubwa una mwangwi, na kwamba yeye ana tabia ya kutafuta kasoro hata kwenye saa inayokwenda. Akacheka kwa adabu. "Mwenye macho haambiwi tazama," akasema akitafuta mlango kwa fimbo. "Na mwenye masikio je, mwalimu?"

Nilijitia hamnazo Jumanne, na Jumatano pia. Alhamisi mchana, siku moja kabla ya siku ya Breki, watu walipokuwa wamekwenda kula, nilijifunga kitambaa machoni nikasimama ukingoni mwenyewe na rimoti mkononi.

Kwanza na mwezi. Magari yalikuja, yakapita, yakaenda zake. Lilikuwa jambo la amani. Halafu nikauzima. Lori lile lile likatokea mbali, dogo, kama mdundo ndani ya kifua cha mtu mwingine, likakua, likakua, likanijia mpaka nikaruka nyuma nikakanyaga utepe. Nilivua kitambaa nikakaa kwenye benchi la wanafunzi. Barabara ya kweli inakuonya kwa kukua. Hiyo ndiyo lugha yake yote. Mimi nilikuwa nimeinyamazisha, nikawafundisha watu saba kwa wiki tano barabara isiyoonya. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali hiyo ndiyo niliyomtupia wifi yangu siku nilipomtoa mumewe nyumbani, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba inamhusu yeye.

Nilitoka pale jioni nikiwa nimekata shauri kwenda kumwambia Breki. Njia nzima nilipanga maneno. Ningesema: usivuke kesho, nimekufundisha vibaya, tumwombe msimamizi wiki mbili zaidi. Na njia nzima nilijua jibu la msimamizi, kwa sababu alilisema mapema bila kuficha.

Nikawakuta sebuleni kwao. Wifi alikuwa anapiga pasi suruali ya kazi, ile ya zamani yenye jina la yadi kwenye mfuko wa nyuma. Yeye aliyeninunia wiki mbili aliinuka akanikumbatia, akaniambia, "Wifi, nilikukosea. Mtu huyu leo kajichagulia shati la kesho mwenyewe, na limelingana." Breki alikuwa amekaa kwenye mkeka na binti yake mdogo, anamwambia aigize injini yenye maji kwenye dizeli, na mtoto anaigiza, na yeye anamsahihisha kwa makini.

"Dada umekuja na pumzi fupi," akasema. "Kuna nini?"



"Nimekuja kuona kama umekula," nikasema.

"Nimekula. Kesho usije mapema ukanitia wasiwasi. Njoo saa tatu."

Nikanywa chai. Nikamsifu shati. Nikajiambia kwamba mtu wa miaka kumi na tisa ya malori hawezi kudanganywa na kisanduku cha wiki tano, kwamba barabara ameijua kabla hajanijua kama mwalimu. Nikarudi kwangu, na yote hayo sikuyaamini hata nilipokuwa nayasema.

Saa tatu asubuhi tulisimama mbele ya kituo. Ng'ambo, msimamizi wa yadi alikuwa ametoka nje ya lango, mkono mmoja ameuweka kwenye komeo, shati jeupe, anatutazama. Nyuma yake madereva watatu wanne walikuwa wanajifanya wanakagua matairi. Breki alinisalimia, akainyoosha fimbo, akapiga hatua mpaka ukingoni. Mimi nikarudi nyuma hatua tatu. Nikafunga mdomo. Nikaweka mikono mgongoni.

Magari mawili madogo yakapita. Basi likapita. Pakawa na utulivu kidogo, ule utulivu wa barabara ambao mara nyingi ni kitu kinachojificha nyuma ya kona. Breki akainua kidevu. Akapeleka fimbo mbele, na mguu wake wa kushoto ukashuka kwenye lami.

Nililiona lori likitoka kwenye kona ya kulia. Lilikuwa jekundu, limebeba mchanga, na halikuwa na nia ya kupunguza mwendo. Nilimwangalia mdogo wangu nikisubiri ashtuke. Hakushtuka. Uso wake ulikuwa umetulia vile vile, uso ule wa ukumbini, uso wa mtu anayekwenda kununua gazeti. Nikauona ule mwezi wa buluu waziwazi mbele yangu. Sikusema neno. Niliruka hatua zote tatu, nikamkamata ukosi wa shati kwa mikono miwili, nikamvuta.

Akaanguka chali juu yangu, wote wawili chini, fimbo ikabingirika. Lori likapita likipiga honi, vumbi la mchanga likatumwagikia. Mmoja wa madereva ng'ambo akacheka, halafu akanyamazishwa.

Msimamizi alivuka akaja. Alituinamia, akaokota fimbo, akamtia mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Pole, Breki. Pole, mwalimu. Hamjaumia?" Tukasema hatujaumia. Akasimama kidogo akisafisha koo. "Basi. Nafasi hii nitampa mwingine. Yadi yangu haina mtu wa kukudaka." Akamgusa bega, akatazama kulia na kushoto, akavuka kurudi, na lango likafungwa.

Tulibaki tumekaa ukingoni. Mgongo wa shati lake alilojichagulia ulikuwa umechanika kutoka kwenye ukosi hadi katikati.

"Nililisikia," akasema.

"Mguu wako ulikuwa kwenye lami."

"Mguu mmoja. Nilikuwa napima kimo cha ukingo. Uzito wote ulikuwa nyuma, kama ulivyotufundisha. Nililisikia tangu halijafika konani. Lina mchanga, na springi ya nyuma kulia imekatika. Nilikuwa nalisubiri lipite."

"Hukushtuka."

"Kwa nini nishtuke na kitu ninachokisikia?"

Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, kitufe, mwezi, machozi ya Mkunga, wageni waliopiga makofi, Fundi Saa, kitambaa machoni. Nilimwambia kwamba jana nilikuja nyumbani kumwambia nikaishia kusifu shati. Nililia nikisema, na sikujali nani anatuona. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini? Hukuwepo muuzaji aliponionyesha kile kitufe."

"Kitufe sikukijua. Niliyajua magari. Wiki ya kwanza tu niliona magari yako yana adabu mno, hakuna lori linalomsogelea mtu hivyo. Nikasema huyu ni dada, katubembeleza. Kwa hiyo kila jioni mkitoka mimi nilikuwa nasimama hapa nusu saa, nasikiliza barabara yenyewe. Muulize mlinzi wenu. Nimeijua hii barabara mpaka mashimo yake."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa na furaha sana, dada. Sikutaka kukuharibia." Alikuwa anapitisha kidole kwenye mpasuko wa shati, taratibu, akipima urefu wake. "Lakini jana ulikuja kwangu ukijua. Ungeniambia jana, ningekuambia najua. Leo mikono yako ingekaa mgongoni."



Akainuka. Nilimnyooshea mkono, na sijui aliujuaje, lakini aliukwepa. Akajikung'uta mchanga kwenye suruali ile iliyopigwa pasi. "Nenda ukawaambie wale sita," akasema. "Mkunga ametangaza kwa watu kwamba Jumapili anakwenda sokoni peke yake."

"Nitawaambia. Twende wote."

"Wewe nenda."

Akajisogeza ukingoni. Akapima kwa fimbo, akashusha mguu, akaurudisha. Gari moja likapita, la pili likapita. Nilikuwa nyuma yake, si hatua tatu, labda kumi, mgongo wangu umeegemea ukuta wa kituo na vidole vyangu vimefumana nyuma mpaka vinauma. Pikipiki ikapita. Akasubiri muda ambao niliuona ni mrefu kupita kiasi. Kisha akaingia barabarani akavuka, hatua kumi na moja zilizonyooka, shati limepasuka mgongoni linapepea, hakuharakisha wala hakusita, akapanda ukingo wa pili kwa mguu wa kulia jinsi inavyotakiwa. Sijapata kuona mwanafunzi akivuka vizuri vile.

Upande ule hapakuwa na mtu. Madereva walikuwa wameingia ndani na msimamizi naye alishaondoka. Breki alilitafuta lango kwa fimbo, akalipata, akahamishia fimbo mkono wa kushoto, akaanza kuligonga kwa kiganja. Niliona kichwa chake kikiinuka kama cha mtu anayeita. Malori yalianza kupita tena, moja nyuma ya jingine, na kutoka pale nilipokuwa sikuweza kusikia kama kuna mtu ndani aliyemwitikia.